Fungu la mchanga na fungu la dagaa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Mwanza. Niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu habari fupi ya Kiingereza waitafsiri, nayo ilihusu jahazi lililokwama kwenye shoal nje ya bandari. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba jahazi liligonga kundi la samaki. Wachache waliandika "maji mafupi", na mmoja tu akaandika "fungu". Mwalimu mwenzangu aliyekulia Tanga anasema fungu ndilo jibu, tena kwamba neno hilo hubeba maana zote mbili za neno la Kiingereza, yaani mahali penye maji haba na samaki wengi walio pamoja, kwa kuwa hata katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba dagaa huuzwa kwa mafungu. Je, ni kweli? Na kazi hizi nizisahihishe vipi?

JIBU: Mwalimu, mwenzako yuko sahihi kuhusu jahazi lakini amekosea kuhusu samaki. Jahazi lililokwama nje ya bandari lilipanda fungu, na mtu wa Tanga hana sababu ya kulisema vingine. Samaki wanaoogelea pamoja, hata hivyo, hawaitwi fungu, na dagaa wa Mwaloni hawathibitishi kwamba huitwa hivyo, kwa sababu hao wamekwisha kutoka majini, wameanikwa, na mkono wa mtu umewagawa. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka mtu anapoketi kutafsiri, na hapo ndipo hugundua kwamba maana mbili za neno la Kiingereza na maana mbili za neno letu hazikupatikana kwa njia moja, wala hazilali juu ya nyingine kama viganja viwili vinavyokutanishwa.

Nianze na Kiingereza, kwa ufupi, kwa kuwa hapo jambo lenyewe si gumu. Shoal ya maji na shoal ya samaki ni maneno mawili tofauti yaliyokuja kufanana kwa sauti na kwa tahajia. La kwanza lilitokana na neno la Kiingereza cha kale, sceald, lililokuwa kivumishi chenye maana ya kutokuwa na kina. La pili lina undugu na neno la Kiholanzi school, lenye maana ya kundi, na Waingereza wanalo pia katika umbo hilohilo la school wanapozungumzia samaki. School hiyo ya samaki nayo haina uhusiano wowote na shule ya mwanafunzi wako, ambayo asili yake ni ya Kigiriki. Kwa hiyo mtu anayetafuta kamba ya kuunganisha maji haba na samaki wengi ndani ya neno la Kiingereza anatafuta kisichokuwepo. Wanafunzi wako hawakutafuta kamba hiyo. Nadhani waliliandika neno kwenye simu, wakapewa maana moja kati ya mbili, wakaichukua bila kuuliza jahazi linawezaje kukwama juu ya samaki. Niliwahi kuletewa niihariri tafsiri ya kijitabu cha wavuvi iliyofanywa kwa njia hiyo, na ukurasa wa pili ulieleza kwamba sangara wachanga huishi katika shule. Niliucheka ukurasa ule, kisha nikatumia siku nzima kuuandika upya.

Tukiingia kwenye Kiswahili, habari hubadilika, kwa sababu fungu ni neno moja lenye wazo moja, na maana zake zote zimetoka katika wazo hilo. Fungu ni kitu kilichokusanyika mahali pamoja kikatengwa na kilichobaki. Sehemu zote mbili za maelezo hayo zina uzito: kukusanyika, na kutengwa. Lundo limekusanyika, lakini halikutengwa kwa ajili ya chochote. Mawe yaliyomwagwa na lori kando ya barabara ni lundo la mawe, na hakuna atakayeyaita fungu mpaka aje mtu ayagawe, hili la msingi, hili la ukuta. Kipande nacho kimetengwa, lakini hakikukusanyika, kwa kuwa kilikatwa kutoka kwenye kitu kizima. Fungu limesimama katikati ya hayo mawili. Ndiyo maana nyama ya mnyama aliyechinjwa kwa ubia hugawanywa mafungu, kila fungu likiwa na kipande cha paja, cha ubavu na cha utumbo vilivyowekwa pamoja, na kila mbia akachukua lake.

Chukua wazo hilo ulipeleke baharini. Mawimbi na mikondo huuchota mchanga huku na kuurundika kule, mpaka katikati ya maji yenye kina kunatokea mahali ambapo mchanga umekusanyika na kujitenga na maji marefu yaliyouzunguka. Hilo ni fungu la mchanga. Mabaharia, ambao kila siku wanalitaja jambo lilelile, hawana haja ya kumalizia "la mchanga", nao husema fungu tu na kila aliyemo chomboni huelewa. Naomba uone kwamba Mswahili wa Pwani hakuyapa maji jina kutokana na uhaba wake. Alikipa jina kile kilicho chini ya maji, kinachoyafanya yawe haba. Mwingereza anaposema shoal, akilini mwake mna maji yasiyo na kina. Mswahili anaposema fungu, akilini mwake mna chungu ya mchanga. Nahodha wa lugha yoyote atageuza usukani vilevile, ila mfasiri lazima ajue ameshika upande gani, kwa sababu huwezi kusema "tulioga kwenye fungu" ukimaanisha kwamba mlioga mahali pasipo na kina.

Upwa wetu umejaa majina ya namna hiyo. Mbele ya Dar es Salaam, pamoja na visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini, ipo Fungu Yasini, ambayo ni sehemu ya maeneo ya bahari yaliyohifadhiwa kisheria. Kusini-mashariki mwa Unguja, mbali kabisa na nchi kavu, kipo kisiwa kidogo tambarare cha matumbawe ambacho ndege wa baharini huzalia. Ramani nyingi za kigeni hukiita Latham, na Waswahili hukiita Fungu Mbaraka au Fungu Kizimkazi. Mfano huo wa pili una funzo kwa anayedhani kwamba fungu ni lazima lifunikwe na maji, kwa kuwa kisiwa kile kiko juu ya maji wakati wote na bado kimebaki na jina la fungu. Kilichohesabika kwa waliokiita hivyo si kama maji yamekipita juu au la. Waliona kitu kidogo kilichoinuka peke yake katikati ya bahari kuu.

Mafungu mengi, hata hivyo, huenda na maji. Bahari ya Hindi hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa katika pwani ya Tanzania hupita mita 3. Mahali palipopitisha jahazi asubuhi huweza kuwa uwanja wa kuokotea chaza ifikapo mchana. Kwa hali hiyo lugha ya Pwani ilihitaji maneno mengi kwa jambo hili, nayo ikayapata: kipwa ni mwamba au mchanga unaobaki wazi maji yakipwa, upwa ni ufuko wenyewe, ule wa methali isemayo mgaagaa na upwa hali wali mkavu, kupwelewa ni kukwama chombo kwa kuachwa na maji. Kilindi, yaani maji yenye kina kirefu, ndicho kilichoipa bandari ya Mombasa jina la Kilindini. Na kitenzi kinachokwenda na fungu ni kupanda. Chombo hupanda fungu kama kinavyopanda mwamba, na naona neno hilo lina usahihi ambao "kugonga" halina, kwa sababu chombo kinachokutana na mchanga hakigongi kitu. Hupunguza mwendo, huinua omo, yaani sehemu yake ya mbele, kidogo, kisha hutulia pale kilipo kama mtu aliyekaa. Kama habari uliyowapa wanafunzi ilisema kwamba jahazi lilivunjika, hapo kugonga mwamba kungefaa. Umeandika kwamba lilikwama, basi lilipanda.

Sasa, mbona mtoto aliyezaliwa Igogo au Kirumba, ambaye huenda baba yake ni mvuvi, halijui fungu kwa maana hiyo? Ni kwa sababu ziwa lake halifanyi kile ambacho bahari hufanya. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho, kwa hiyo hakuna mchanga unaojitokeza alasiri na kutoweka magharibi. Maji yake hupanda na kushuka kwa miaka, si kwa saa: mwaka 2006 yalishuka kiasi cha kuziacha gati na mialo mbali na maji, na mwaka 2020 yalipanda hadi kilele ambacho mara ya mwisho kilikuwa kimeonekana mwaka 1964, yakaingia kwenye nyumba na mashamba yaliyojengwa na kulimwa karibu na ufuko. Mchanga unaofunuliwa kwa mwendo huo huitwa ufuko, na baada ya misimu miwili mitatu mtu ameshapanda viazi juu yake. Tena hatari kubwa ya chombo upande wa Mwanza ni jiwe, wala si mchanga. Majabali haya tunayojivunia, yale yaliyobeba nyumba vilimani Bugando na lile liitwalo Bismarck linaloonekana kutoka bandarini, hayakuishia ufukoni. Yapo pia chini ya maji, na mvuvi huyaita mawe au miamba, kwa kuwa ndivyo yalivyo.

Kwa maji yenyewe, watu wa ziwa husema maji mafupi na maji marefu, wakikipima kina kama wanavyopima kamba au mti, au hukipima kwa mwili: maji ya magotini, ya kiunoni, ya shingoni. Wazee wa vyombo hupima kwa pima, ambayo ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu futi 6. Maneno haya hayana upungufu wowote na sikubaliani na wanaoyaona kuwa ya mitaani. Niongeze kwamba, ukilitazama ziwa letu kwa ukubwa wake, lenyewe lote ni maji mafupi. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 68,800, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 hivi, na pale palipo na kina kikubwa kabisa ni kama mita 80 tu, ilhali Tanganyika, yenye eneo lisilofika nusu ya hilo, hushuka hadi mita 1,470. Sahani na kisima, ndivyo ninavyowaeleza wanafunzi wangu.

Kwa hiyo wanafunzi wako walioandika "maji mafupi" walisema jambo la kweli kwa lugha ya kwao. Walichokosa ni kwamba habari yenyewe ilikuwa ya bahari na jahazi.

Nije kwenye dagaa, ambao ndio walioleta ubishi. Katika masoko yetu, Mwaloni Kirumba likiwamo, bidhaa ya samaki hupimwa kwa njia nyingi, na kila njia ina watu wake. Sangara anayekwenda kiwandani hupimwa kwa kilo, kwa kuwa huko mbele kuna mnunuzi anayelipa kwa kilo. Dagaa wakavu wanaosafirishwa kwenda mikoani na nchi jirani hujazwa kwenye magunia. Anayenunua ili auze mtaani hununua kwa ndoo au kwa debe, na mama wa mtaani mwenyewe huuza kwa sado, kile kikopo cha rangi kilichopata kazi ya pili. Fungu liko chini kabisa ya ngazi hiyo, kwenye turubai au meza ndogo, na ndilo kipimo pekee kati ya vyote hivyo kisichokuwa na chombo. Muuzaji huchota kwa mkono, huweka chungu moja, huweka ya pili kando yake, huyatazama, huongeza dagaa wachache hapa na kupunguza pale mpaka jicho lake liridhike kwamba yamelingana, kisha hutaja bei moja kwa kila moja. Mnunuzi naye hutazama, huchagua lile analoliona limenenepa, na kabla hajafunga mfuko huomba nyongeza. Vivyo hivyo huuzwa nyanya, vitunguu, maembe, na furu, samaki wadogo wa ziwani, wabichi wa kuunga pale wanapopatikana.

Katika tendo hilo hutaona hata chembe ya wazo la samaki wanaoishi pamoja. Dagaa waliomo katika fungu moja wanaweza kuwa walivuliwa na mitumbwi mitatu kwa usiku tofauti, mmoja ukitoka Ukerewe na mwingine ukitoka Kome. Kilichowafanya fungu ni mkono wa mama na nafasi ya vidole vinne iliyobaki kati yao na chungu ya jirani. Nafasi hiyo kwenye turubai na maji marefu yanayoizunguka Fungu Yasini hufanya kazi ileile katika lugha. Hapo ndipo maana mbili za Kiswahili zinapokutana, nami sioni sababu ya kuyahesabu kuwa maneno mawili yaliyofanana kwa bahati, kama ilivyo kwa Kiingereza. Mwenzako alihisi kwamba kuna undugu, na kwa hilo apongezwe. Kosa lake ni kudhani kwamba undugu huo ni uleule uliomo katika shoal, wakati shoal haina undugu wowote ndani yake, na wakati samaki wa shoal ni wazima na samaki wa fungu wamekufa.

Je, walio wazima waitweje? Kundi la samaki, na neno hilo linatosha. Najua wapo wanaotaka neno la pekee kwa kila aina ya kiumbe, kwa kuwa nyuki wana bumba lao na nzige wamezoea kuitwa wingu, lakini kundi limewabeba ng'ombe, ndege na watu miaka yote bila kulalamikiwa, na samaki hawadai zaidi. Linapohitajika neno la pili ni katika somo la baiolojia, kwa sababu wanasayansi wanaotumia Kiingereza hutenganisha mambo mawili: samaki waliokusanyika tu mahali pamoja, kila mmoja akielekea anakotaka, ambao huwaita shoal, na samaki wanaoogelea kwa mwendo mmoja na kuelekea upande mmoja, wakigeuka kwa pamoja kana kwamba wamepewa amri, ambao huwaita school. Kwa hao wa pili mimi hupendekeza msafara. Msafara una safu, una mwelekeo na una mwendo unaofanana, na tena si mgeni kwa viumbe wa majini, maana sote tumekua tukiambiwa kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo. Hilo ni pendekezo langu, wala si istilahi iliyokwisha kusanifiwa. Ukilitumia darasani, waeleze wanafunzi hivyo.

Angalia jinsi lugha yenyewe inavyoulinda mpaka huu kwa upatanisho wa kisarufi. Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa huwasha taa juu ya maji, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi nyingi zikiwa za umeme wa jua, na dagaa, ambao mchana hukaa chini kwenye kina na usiku hupanda karibu na uso wa maji, huufuata mwanga. Ukisimulia jambo hilo utasema kwamba dagaa wamekuja, wamejaa, wanaizunguka taa, sasa wazungushie wavu. Kila kitenzi kina alama ya kiumbe hai. Siku mbili baadaye, mchanga wa mwaloni ukishamaliza kazi yake ya kuwakausha, utasema fungu hili limepungua, lile limenona, lijaze kidogo. Dagaa wamebaki ndani ya sentensi lakini si wao tena wanaoitawala, bali ni fungu. Mwanafunzi anayeandika "fungu la samaki liliogelea kuelekea kisiwani" hajavunja kanuni yoyote ya upatanisho, na bado kila mtu aliyewahi kwenda sokoni atacheka, kwa sababu ameziogelesha chungu za biashara.

Kuna mahali pamoja ambapo maji haba na makundi ya samaki hukutana kweli, ila ni katika maisha ya samaki na si katika neno. Sato huchimba viota vyake kwenye maji mafupi ya kando, jike huyabeba mayai na vifaranga mdomoni, na watoto wakishaachiwa hukaa humohumo makundi kwa makundi, karibu na majani na matete, ambako samaki wakubwa hawafiki kwa urahisi. Mazalia ya namna hii ndiyo sababu mojawapo ya kupigwa marufuku kwa kokoro, wavu unaoburutwa hadi ufukoni, kwa kuwa huzoa palepale ambapo watoto wamejificha. Mwalimu wa Kiingereza anayetaka mfano wa sentensi yenye shoal zote mbili anaweza kuipata hapo bila kulazimisha, na mwanafunzi akiitafsiri atajikuta hana budi kutumia maneno mawili: makundi ya sato wachanga, na maji mafupi ya kando.

Matumizi mengine ya fungu sitayachambua kwa kirefu, lakini yote yanaingia katika wazo lilelile. Muumini hutoa fungu la kumi, yaani kile alichokitenga katika mapato yake. Wasabato wa huku kwetu husoma fungu la Biblia pale ambapo wengine husema mstari au aya. Sheria ina vifungu, ambavyo ni mafungu madogo. Na katika bajeti ya Serikali ya Tanzania kila wizara au idara ina fungu lake lenye namba, ambapo sekta ya uvuvi imepewa Fungu 64 na mifugo Fungu 99. Ukimsikia waziri akiliomba Bunge liidhinishe fungu la uvuvi, ujue kwamba anasema sawasawa na yule mama wa turubai: hiki kimetengwa, ni cha hawa, kisichanganywe na cha jirani.

Kuhusu kusahihisha, ningefanya hivi. Walioandika "jahazi liligonga kundi la samaki" wamekosa, na wasipewe alama ya neno hilo, kwa kuwa maana ya sentensi nzima ilitosha kuwaonya. Warudishiwe kazi wakiwa na swali moja tu pembeni, kwamba jahazi lilikwama juu ya nini. Walioandika "lilikwama kwenye maji mafupi" wapewe alama zote au zipungue moja, kutegemea kama ulikuwa umewafundisha msamiati wa bahari; kama hukuwafundisha, usiwadai. Aliyeandika "fungu" apewe alama zote, na ningependa umwite umuulize amelitoa wapi. Akisema amelisikia kwa bibi yake wa Pangani, mwombe asimulie mbele ya darasa jinsi maji yanavyopwa. Akisema hakuwahi kuiona bahari, ila aliwaza mchanga uliorundikana chini ya maji akakumbuka dagaa wanavyopangwa Mwaloni, basi usimwongezee alama, kwa sababu zimekwisha, lakini mpeleke kwa mwenzako wa Tanga wakae waongee.